UZI: Fomu thrii moja, kuna mtoto wa 4% na mwingine wa 85%, hesabu unafundisha aje?

mwalimu_wa_Kondele

Walimu wa hesabu mlio humu, hebu tuongee ukweli leo. Mwaka huu shuleni tuko na fomu thrii, fomu foo na hawa wageni wa Gredi 10, mimi nikapewa fomu thrii strimu mbili, shule ya kutwa hapa Kisumu, watoto sitini na kitu kila darasa. Hawa ndio waliofanya KCPE ya mwisho, ile ya 2023, na kwa vile kila mtoto siku hizi lazima avuke aingie sekondari, darasa moja nina aliyeingia na 360 na mwenzake aliyeingia na 140 wamekaa deski moja. CAT ya kwanza, lile jaribio la darasani, wa juu alikuwa na 85, wa chini 4. Na kila nikifungua humu napata mtu anasema gawanya strimu, wakali East, wengine West, kazi iishe. Mimi hiyo nimeikataa, wacha niseme kwa nini, na nafanya nini badala yake, mawe mtarusha baadaye.

Kwanza tuachane na hii maneno ya "huyu ni mtoto wa hesabu, huyu si wa hesabu". Kaa na hao wa 10% mmoja mmoja uone. Hawajafeli fomu thrii, fomu thrii hawajafika bado. Wamekwama kwa vitu vitatu vinne vya darasa la sita na la saba huko, namba za mainas, frakshoni, mabano, na ile tabia ya kuvusha kitu ng'ambo ya pili ya ikwesheni bila kujua kwa nini kinageuka. Sasa wewe ukija na kwadratiki juu ya hayo, anachofanya ni kunakili ubao, daftari safi, hati ya kupendeza, mistari imepigwa na rula, na ukimuuliza chochote anakuangalia tu.

Kabla sijaanza topiki huwa nauliza swali moja la kunionyesha nani yuko wapi. Mfano, −3 − 5. Naandika majibu manne ubaoni: A ni −8, B ni 8, C ni 2, D ni −2. Kila mtu anaweka vidole kifuani, kimoja ni A, viwili ni B, hivyo hivyo, kifuani ndio jirani asichungulie. Kufumba na kufumbua nimeona darasa zima. Sasa angalia hayo makosa. Aliyesema 8 amekariri ile "mainas na mainas ni plas" ya kuzidisha akaileta mahali haihusiki. Aliyesema −2 amefanya tano toa tatu halafu akakumbuka kulikuwa na mainas akaibandika mbele. Aliyesema 2 mainas hakuziona kabisa, ameona tu tatu na tano na kutoa. Kwa daftari hao wote wangepata X moja nyekundu, lakini ugonjwa si mmoja na dawa haiwezi kuwa moja.

Halafu somo lenyewe. Watu wanafikiri kufundisha watoto wa viwango tofauti ni kuandaa masomo matatu, hapana, nani ana huo muda. Ni swali moja lenye milango kadhaa. Chukua (x+3)². Ukiuliza darasa, nusu watakuambia x² + 9, tena kwa sauti. Sibishani nao. Nachora mraba, kila upande nakata kipande cha x na kipande cha 3, unapata vyumba vinne. Yule wa chini kazi yake ni kujaza eneo la kila chumba: x², 3x, 3x, 9. Anaona mwenyewe vile vyumba viwili vya 3x alivyovitupa nje. Wa katikati anapewa x² + 10x na anaulizwa kona gani imebaki wazi ili mraba ukamilike, na hapo 25 inajitokeza yenyewe, fomula sijaitaja. Na yule wa 85? Huyo sio wa kuongezewa maswali ishirini ya aina ile ile, hiyo ni kumwadhibu kwa sababu ni mwepesi. Anaulizwa hivi, kuna x yoyote ambayo (x+3)² na x² + 9 zinakuwa sawa? Akishagundua ni sifuri pekee namwambia haya, sasa (a+b)² na a² + b² zinakuwa sawa lini? Hapo amenyamaza dakika kumi, na mimi niko nyuma ya darasa na wale wa mainas.

Mchoro mmoja, ubao mmoja, dakika arobaini zile zile, na hakuna mtu ameambiwa akakae na wajinga.

Magrupu yapo lakini yanabadilika kila topiki. Niko na kijana aljebra inamsumbua vibaya sana lakini tukifika probabiliti anawaacha wote mbali. Huyo ukimfungia West mwaka mzima, probabiliti yake utaijulia wapi.

Haya, rusheni.

HOD_wa_Bonde

Mwalimu heshima kwako lakini hii imeandikwa na mtu ambaye hajaitwa ofisini kueleza mini skoa, ule wastani wa shule. Silabasi ya fomu thrii ndiyo ndefu kuliko zote, kwadratiki, trigo, sadi, logi, hesabu za biashara, duara na kodi zake (chords), matriksi, vekta, bainomia, probabiliti, na bado sijamaliza. Wewe uko hapo unachora mraba na vidole kifuani wenzako wako sequence and series. Sisi huku Nakuru tuligawanya, na East walipanda mwaka huo huo, namba hazidanganyi.

mwalimu_wa_Kondele

Na West?

HOD_wa_Bonde

West walikuwa na mwalimu wa BOM, yule wa kuajiriwa na bodi ya shule.

mwalimu_wa_Kondele

Ndio hapo sasa. Aende West mwalimu mkongwe kuliko wote hapo shuleni halafu turudi tuongee habari ya strimu.

kijana_wa_Bungoma

Niingilie kidogo maana hii mjadala ina majibu yaliyotoka huku huku kwetu na watu hawajui. Kuna utafiti wa Duflo, Dupas na Kremer, ulifanywa Bungoma na Butere-Mumias kuanzia 2005, ukachapishwa 2011. Shule za msingi 121 zilizokuwa na mwalimu mmoja wa darasa la kwanza zilipewa pesa za kuajiri mwalimu wa pili kwa kandarasi, darasa likagawanywa mara mbili. Shule 60 ziligawanya kwa maksi, wa juu huku wa chini kule, na 61 ziligawanya bila kuangalia maksi, kwa bahati nasibu tu. Baada ya mwaka mmoja na nusu, zile zilizogawanya kwa maksi zilifanya vizuri zaidi, na sio wale wa juu peke yao, hata wa chini walipanda. Kremer na Duflo ndio hao walipata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee. Kwa hivyo HOD hajakosea kabisa.

HOD_wa_Bonde

Asante sana mkubwa. Hiyo naprinti nabandika stafurumu.

mwalimu_wa_Kondele

Printi lakini soma yote. Huo utafiti naujua na naupenda. Ulikuwa darasa la kwanza, watoto wa miaka sita saba wanaojifunza kusoma na kuhesabu, sio fomu thrii. Na kila upande ulipata mwalimu wake, na yupi aende wapi iliamuliwa kwa bahati nasibu, hakuna aliyekaa akapanga mzuri aende juu. Sababu wanayoieleza wenyewe ya wa chini kupanda ni kwamba mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kimoja aliweza kushuka akafundisha pale walipo. Hilo ndilo ninasema mimi! Kilichofanya kazi ni kufundisha pale mtoto yuko, ukuta katikati ya East na West haufundishi mtu. Shule zetu zinachukua huo ukuta, silabasi inabaki ile ile, spidi ile ile, na West wanapata aliyebaki.

madam_sadi

Mimi niko Kakamega, shule ya wasichana, na nakubaliana na mwenye uzi karibu yote ila kuna vitu amepita juu juu.

Moja ni kusahihisha. Vidole ni sawa kwa majibu ya kuchagua, lakini kazi yenyewe unaionaje kwa watoto sitini? Mimi dakika tano za mwisho kila mmoja anafanya swali moja kwa nusu karatasi, jina juu, wanaacha mlangoni wakitoka. Sisahihishi. Nikiwa stafurumu na chai nagawa mafungu matatu, amepata, amekaribia, hajaanza. Fungu la tatu naliangalia kwa makini, hayo mawili mengine kesho yake nayarudisha bila hata tiki. Inachukua muda wa kikombe kimoja cha chai na kesho najua nianzie wapi. Madaftari sitini kwa kikapu siku hizi hunioni nikibeba.

La pili ni hii ya kuweka msichana mkali afundishe wenzake. Walimu wengi wanaipenda kwa sababu inawapumzisha wao. Mara moja moja ni sawa, kueleza kunamsaidia hata yeye, lakini ukiifanya kila siku umemfanya mwalimu bila mshahara na yeye mwenyewe amesimama palepale. Na wale anaowafundisha wanapewa majibu, hawapewi mawazo, maana mtoto akieleza mtoto anasema "unafanya hivi, halafu hivi" basi. Mimi nawapa kazi tofauti: karatasi yenye swali limefanywa vibaya, bila jina, wakali na wachovu pamoja, tafuteni mstari ambao mambo yaliharibika. Hapo yule wa 20% wakati mwingine ndiye anauona kwanza, kwa sababu kosa hilo ni lake, analijua kama jirani yake.

Na tatu, maswali ya maneno. Kuna wasichana wangu hesabu wanaijua, Kiingereza cha swali ndicho kinawafunga. Kabla ya kalamu kugusa karatasi nataka mtu aniambie hadithi ya swali kwa Kiswahili au hata kwa Kiluhya, nani amenunua nini, kimebaki kipi, tunatafuta nini. Maksi zinapanda bila hesabu mpya hata moja kufundishwa.

mzazi_wa_Mumias

Naombeni ruhusa walimu, mimi si mwalimu, nauza omena soko la hapa Mumias. Kijana wangu yuko fomu thrii strimu ya mwisho, hesabu analeta D mainas na E zinapokezana. Kinachonishangaza Jumamosi akinisaidia hapa sokoni chenji anarudisha kwa kichwa, mteja akitaka gorogoro (ule mkebe wa kupimia) moja na nusu na robo anapiga bei kabla mimi sijafungua mdomo. Sasa ni mjinga ama si mjinga? Na mwalimu amesema ninunue vitabu viwili vya rivisheni, pesa yenyewe ndio hii ya omena. Ninunue?

mwalimu_wa_Kondele

Mama, huyo si mjinga hata kidogo. Fanya hivi leo jioni. Mpe karatasi, mwandikie ½ + ¼, umwache. Ninaogopa atakuandikia 2/6, juu kwa juu, chini kwa chini, maana darasani ndivyo wengi hufanya. Ukishaona hiyo 2/6 usimgombeze. Muulize, mteja akinunua nusu gorogoro halafu aongeze robo, anabeba ngapi? Atasema robo tatu mara moja. Halafu muulize 2/6 ya gorogoro na nusu gorogoro, kubwa ni ipi? 2/6 ni theluthi, ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Ameongeza omena na omena zikapungua. Mwache akae na hiyo. Darasani hajawahi kuambiwa kwamba hicho kichwa cha sokoni kinaruhusiwa kuingia kwenye daftari.

kijana_wa_Bungoma

Kuhusu vitabu mama, subiri kwanza. Kuna utafiti mwingine, Glewwe, Kremer na Moulin, huko Busia na Teso, shule za msingi zilipewa vitabu vya kiada bure. Wastani haukusonga. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele, wengine kitabu chenyewe hawakuweza kukisoma vizuri, kilikuwa kigumu kuwazidi. Na shuleni anacho kitabu cha serikali, tangu 2018 wanapeleka vitabu sekondari ili kila mwanafunzi awe na chake. Rivisheni ya fomu foo kwa mtoto aliyekwama kwenye frakshoni itakaa tu kwa meza.

mzazi_wa_Mumias

Asanteni sana wanangu. Nimempa hiyo ½ + ¼. Ameandika 2/6 kweli.

mzee_wa_seminaa

Nimestaafu lakini bado nachungulia humu. Haya mnayogundua tuliambiwa zamani. SMASSE, ule mradi wa kunoa walimu wa hesabu na sayansi sekondari, ilianza 1998 na Wajapani wa JICA, Kakamega ilikuwa kati ya wilaya za kwanza, tukafundishwa ASEI na PDSI, mwanafunzi afanye kitu kwa mikono, tumia vifaa vya kujitengenezea, panga, fanya, angalia, rekebisha. Wengi wetu tulipokea cheti, tukanywa chai, tukarudi kuandika ubao kutoka kona hii mpaka ile. Lile la mwisho, kuangalia na kurekebisha, ndilo lilikuwa gumu, maana unafaa kuangalia mwanafunzi na sisi tulikuwa tunaangalia silabasi.

gredi_kumi_na_shida

Nyinyi mna bahati mnaongea fomu thrii. Sisi wa Gredi 10 tumeletewa hesabu mbili. Mnakumbuka mwanzoni ilikuwa hesabu si lazima sekondari ya juu, watu wakalalamika, Aprili 2025 waziri Ogamba akatangaza ni lazima kwa wote, Core kwa watoto wa STEM na Essential kwa wale wa Social Sciences na Arts and Sports. Sawa. Lakini hapa kwangu watu washaanza kuita Essential "hesabu ya West". Nina msichana alipata EE, ile ya juu kabisa, kwa KJSEA, mtihani wa Gredi 9, anataka sheria, amechagua Social Sciences, yuko Essential, na ananimalizia maswali nikigeuka tu ubaoni. Na huko Core nina watoto wa AE, hawajafika kiwango, ambao baba alisema lazima STEM. Kwa hivyo hata serikali ikiwagawanya, ndani ya kila chumba mchanganyiko ni ule ule. Ile ya swali moja milango kadhaa naichukua leo.

HOD_wa_Bonde

Haya nimesoma, na habari ya mwalimu wa BOM mmenishika, tutaangalia muhula ujao. Lakini mimi naongea pia na fomu foo, mtihani uko mlangoni, hapo hakuna kuchora miraba. Karatasi ya kwanza na ya pili, kila moja saa mbili na nusu, sekshen wani maswali 16 ya lazima maksi 50, sekshen tuu unachagua 5 kati ya 8, kila moja 10. Mtoto wa E mimi namchagulia topiki nne tano anazoweza, takwimu, kodi za PAYE, matriksi, ile grafu ya trigo, namkomalia hapo hapo. Anatoka E anaingia D plas. Hiyo si kumsaidia?

mwalimu_wa_Kondele

Ni kumsaidia, muhula wa pili wa fomu foo mimi pia nafanya, sijidai. Ninachokataa ni kuifanya kuanzia fomu thrii, maana mtoto unamfungia topiki nne kabla hujajua zingine angeweza. Na ukifika huko, kabla ya kumchagulia topiki mfundishe kuandika njia. Msahihishaji wa KNEC, baraza la mitihani, anatoa M1 kwa njia sahihi hata kama jibu limepotea mwishoni. Watoto wa chini ndio wanaofuta. Anaandika mstari mzuri, hana uhakika, anakata na kalamu, anaacha wazi. Mimi darasani kufuta nimepiga marufuku, kosea na uendelee, piga mstari mmoja tu ambao bado naweza kusoma chini yake.

Tena hata hizo za fomu foo zina milango. Longitudo na latitudo, kila mtu anaogopa. Ikweta inapita Maseno hapa, kibao kiko barabara ya Busia, na Nanyuki kuna kibao kingine. Swali ni moja: toka Maseno mpaka Nanyuki ukifuata ikweta.

madam_sadi

Hiyo naiba kwa wangu. Longitudo ya Maseno ni ngapi, sitaki kubahatisha?

mwalimu_wa_Kondele

Maseno kama 34.6 mashariki, Nanyuki kama 37.1, wape tofauti 2.5 usiwatese na desimali nyingi. Mlango wa kwanza ni mji upi unaona jua mapema na kwa nini. Wa pili nautiko maili, digrii moja ni 60, kwa hivyo 150, yeyote anayejua kuzidisha anafika. Wa tatu kilomita, na nusu kipenyo cha dunia 6370, inatoka kama 278, hapo wanakutana na 2πr na frakshoni ya mduara, wale wa ½ + ¼ wako nao hapo karibu. Wa nne, wale wepesi: ukihama Maseno ukae Webuye, sio ikweta tena, maili kwa kila digrii kwenda mashariki zinaongezeka au zinapungua, na kiasi gani? Na tofauti ya saa ya jua kati ya Maseno na Nanyuki ni ngapi?

fomu_thrii_mnoma

mwalimu dakika 10, digri moja ni dakika 4. na webuye zinapungua unazidisha na kosaini ya latitudo lakini webuye ni karibu na ikweta sana so kosaini ni karibu 1, hata hutaona tofauti, ungetupatia Cairo

mwalimu_wa_Kondele

Kwani saa hii si uko prep? Simu umetoa wapi? Na onyesha kazi, sio jibu.